Maziwa ni Maziwa

Watu wa Kakamega wana magonjwa mawili tu: malaria na taifodi. Mtu akiumwa na goti, ni malaria. Akikosa usingizi kwa sababu jirani ana redio kubwa, ni taifodi. Wanakuja kwangu wakiwa wameshajipima wenyewe kule nyumbani na kujiandikia dawa, na wanachotaka kwangu ni karatasi yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba hawakukosea. Nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na minne, na sijaona bado mgonjwa aliyefurahi kuambiwa hana malaria.

Jina langu ni Cornelius Andati. Mwaka wa 1998, mambo haya yalipotokea, nilikuwa na chumba changu nyuma ya duka la dawa, karibu na soko. Kilikuwa na darubini moja, mashine ya kuzungushia damu, friji ndogo, na benchi la wagonjwa kando ya mlango. Mimi si daktari. Waliniita Daktari na sikuwakataza, maana ukimkataza mtu wa huku kitu anachokipenda mtabishana mpaka jua litue. Koti langu jeupe nilikuwa nalifua mwenyewe, kwa kuwa sikumwamini mtu mwingine na sabuni.

Aliyeniletea habari za mbuzi ni Wanzala. Huyu alikuwa msimamizi wa mradi wa mbuzi wa maziwa upande wa Matungu, na kama kuna mtu aliyezaliwa kuthibitisha kwamba debe tupu haliachi kuvuma, ni yeye. Alitembea na kalamu nne mfukoni na sikuwahi kumwona akiandika hata kwa moja. Mradi wenyewe ulikuwa rahisi. Wafadhili kutoka nje walinunua mbuzi weupe wenye viwele vikubwa, wakawagawia watu wenye watoto wadogo katikati ya mashamba ya miwa, ambako watoto wanashiba ugali na kukonda miguu. Sharti lilikuwa moja: maziwa ni ya mtoto, hayauzwi. Mtoto asipokunywa, mbuzi anahamishiwa boma lingine.

"Kuna mwanamke huko Mayoni ananiharibia mradi," Wanzala aliniambia, akiwa amesimama katikati ya chumba changu kana kwamba ni baraza la chifu. "Anaitwa Teresa. Anasema msichana wake anafura akikunywa maziwa ya mbuzi. Mimi najua anauza. Sasa kamati imesema mtoto apimwe damu, tujue ukweli kisayansi."

Nilimuuliza kwa nini hawamchukui tu mbuzi wao wakampa mwingine. Akashusha sauti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Osundwa, mkulima wa miwa na mzee wa kanisa, na huyo Teresa ni mke wa mwanawe. Mbuzi wa kwanza wa mradi mzima alipelekwa kwa Osundwa ili awe mfano. Wafadhili wangekuja baada ya mwezi mmoja kuona watoto wakinywa maziwa mbele ya watu, na mjukuu wa mwenyekiti ndiye angekuwa wa kwanza. Angeshindwaje kunywa? Mzee angeuweka wapi uso wake?

Nilimdharau Wanzala, hilo sifichi, lakini lile neno "kisayansi" lilinipendeza. Hapakuwa na mtu mwingine mjini wa kumwambia neno hilo. Nikamwambia amlete mtoto.

Teresa alikuja Jumanne, amevaa gauni la kwenda kanisani na viatu vya mtu mwingine. Mtoto aliitwa Nekesa, wa miaka mitano, macho makubwa, hasemi. Niliwakalisha, nikachukua fomu, nikamwambia mama aeleze.

"Daktari, ya ng'ombe anakunywanga," alisema. "Tangu nimwachishe kunyonya anakunywa, na hajawahi kusumbuliwa. Hii ya mbuzi ndio shida. Mara ya kwanza nilimwekea kidogo kwa uji, midomo ikafura. Nikasema labda ni nyuki. Mara ya pili akaanza kupumua na sauti, shingo ikajaa hivi. Sikumpea tena."

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La nane."

"Basi msikilize aliyepita la nane." Nikaweka kalamu chini, maana somo lilikuwa refu. Nikamweleza kwamba kuna watoto ambao miili yao inakataa maziwa ya ng'ombe, na watoto hao kwa miaka mingi wamekuwa wakipewa ya mbuzi. Ya mbuzi ndiyo yanayokimbiliwa. Yeye sasa alikuwa ameleta ugonjwa wa kinyumenyume, mtoto anayeyaweza yale mazito na kushindwa na yale mepesi. Benchini walikuwa watu watano na wote walikuwa wakisikiliza, kwa hiyo sikuwa na haja ya kunong'ona.

"Hata mimi nilisikia hivyo," Teresa akajibu. "Lakini huyu ni huyu."

Nikamfunga mtoto mpira mkononi na kumchoma sindano. Nekesa hakulia. Hilo lilinikera kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeandaa maneno ya kumnyamazisha. Alitazama damu yake ikijaa kwenye chupa, halafu akamtazama mama yake, basi.

"Daktari," Teresa akasema, akimfungulia mtoto mkono wa sweta, "mtapima damu na maziwa ya mbuzi, si ndio? Nilete kidogo kwa chupa?"

Nilicheka. Nikageuka, nikawaambia wale wa benchini: "Mnasikia? Anataka kuniletea maziwa nipikie damu chai." Wakacheka wote, hata mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Teresa aliinamisha uso na kumfunga mtoto vifungo vya sweta, kimoja kimoja. Nilijisikia vizuri. Nasema kama ilivyokuwa.

Kipimo chenyewe hakikuwepo Kakamega, wala mimi sikuwahi kukifanya, ingawa Wanzala hakuniuliza na mimi sikumwambia. Nilizungusha damu kwenye mashine, nikatoa yale maji ya juu, nikayatia kwenye kichupa na kukizika katika barafu ndani ya chupa ya chai, kisha nikakituma Nairobi kwa basi. Pamoja nacho nilituma fomu ya maabara ile kubwa. Fomu ilikuwa na orodha ndefu: mayai, njugu, samaki, ngano. Palikuwa na mstari mmoja wa maziwa. Nikauwekea alama. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu ya kuandika chakula kingine chochote ambacho hakimo kwenye orodha, na mimi nikaipita, kwa kuwa maziwa nilikuwa nimeshayaona.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Hasi. Mwili wa mtoto haukuwa na ugomvi wowote na maziwa. Niligonga muhuri wangu pembeni mwa muhuri wa Nairobi ili iheshimiane, nikatoa nakala, na asubuhi hiyohiyo Wanzala akaja kuichukua. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuibusu. Mtu mzima, anabusu karatasi.

Teresa alikuja mchana na mtoto kuchukua yake. Wengine wakipewa karatasi huikunja na kuuliza, "Inasema nini?" Huyu aliisoma. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, nami nikaanza kumwita mgonjwa mwingine ili aelewe kwamba muda wake umekwisha.

"Daktari, hapa chini imeandikwa nini? Hii ndogo."

"Ni Kiingereza cha wataalamu."

"Kiingereza naelewa kidogo. Hii si ni ng'ombe?"

Nikamnyang'anya karatasi nimsomee. Kando ya neno maziwa palikuwa na herufi na nambari, na chini ya nambari, kwa maandishi ya kupimia macho, palikuwa pameandikwa: ya ng'ombe. Kidole changu kilifika hapo kikasimama. Nairobi walikuwa wamepima nilichowaomba. Walikuwa wamechukua damu ya mtoto asiye na shida na maziwa ya ng'ombe, wakathibitisha kwamba hana shida na maziwa ya ng'ombe. Mama yake alikuwa ameniambia hayo bure siku ya kwanza.

Benchi lilikuwa limejaa. Watu saba, wengine wamesimama. Wote wananiangalia.

"Maziwa ni maziwa, mama," nikasema, nikakunja karatasi na kumrudishia.

Aliangalia kidole changu, si uso, halafu akamchukua mtoto akaondoka. Ningeweza kumwita. Alikuwa hajafika hata kwa wauza nyanya. Nilijiambia kwamba nitaandika Nairobi Jumatatu kuwauliza kama wana kipimo cha mbuzi, na Jumatatu palikuwa na watu wengi wa malaria. Jumanne pia.

Siku ya wafadhili ilikuwa Ijumaa, katika uwanja wa shule moja huko Mayoni. Nilialikwa. Niliwekwa mbele kabisa, chini ya turubai, kwenye kiti cha sofa kilichobebwa kutoka sebuleni mwa mtu, katikati ya Wanzala na mgeni mmoja Mzungu aliyeungua pua. Mbele yetu watoto ishirini na watatu walipangwa mstari, kila mmoja ameshika kikombe cha plastiki. Muuguzi wa zahanati alikuwa na mizani yake chini ya mti, anawapima uzito, peke yake kati ya watu wote wale akifanya kazi.

Lazima nieleze jambo moja la huku kwetu. Mwanamke aliyeolewa hamgusi baba mkwe wake. Hamsalimii kwa mkono, hampi kitu mkononi, akimkuta njiani anampisha. Akimgusa mwili, hata kwa kujikwaa, ni mwiko mkubwa, na wazee lazima wakae, wachinje, wamtakase, la sivyo wanasema laana huangukia watoto. Watu wenye diploma wanaliamini hilo. Wanaopanda ndege kwenda kusoma Ulaya wanaliamini, na wakirudi likizo wanampisha baba mkwe njiani wakiwa na shahada zao kwapani.

Mzee Osundwa alijua alichokuwa akifanya. Hakumwachia mama ampe mtoto kikombe. Alimwita Nekesa mwenyewe, akampakata magotini hapo kwenye kiti cha mwenyekiti, mahali ambapo Teresa hangeweza kufika bila kumgusa. Teresa alikuwa upande wa wanawake, hatua ishirini hivi.

"Baba, usimpe!" akaita.

Wanawake wakamshika kanga wakimnyamazisha. Kumpigia baba mkwe kelele mbele za watu ilikuwa aibu ya kutosha. Ndipo aliponigeukia mimi. "Daktari! Waambie! Waambie ile karatasi ni ya nini!"

Uwanja mzima ukanitazama. Wazee, wazungu, watoto na vikombe vyao. Yalikuwa maneno manne tu: karatasi ni ya ng'ombe. Nilinyoosha tai yangu. Wanzala, aliyekuwa na kipaza sauti na hakuwahi kuona kimya asikijaze, akainua ule mfuko wa plastiki juu.

"Wananchi, sayansi imesema! Damu imeenda mpaka Nairobi na imerudi! Na Daktari Andati hapa, mwenyewe, amesema maziwa ni maziwa!"

Wakapiga makofi. Nami nikaitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayepokea zawadi anayoistahili.

"Kunywa," Osundwa akamwambia mtoto, kwa upole, sitamsingizia. "Kunywa, usiaibishe kuka wako, mimi babu yako, mbele ya wageni."

Nekesa alimtazama mama yake. Halafu akanywa, mafunda mawili makubwa, kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Teresa alikimbia. Sijui aliwaacha vipi wale wanawake. Niliona kanga imebaki mikononi mwao. Alifika, akakamata kikombe pamoja na mkono wa mzee ulioshika kikombe, akamvuta mtoto kwa mkono wa pili, na kifua chake kikagonga bega la mzee. Maziwa yakamwagikia suti ya kijivu. Uwanja ukapiga ukelele mmoja. Wanawake walifunika midomo, wazee wakasimama, mmoja akatema mate chini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama mtoto. Walikuwa wakiutazama mkono wa Osundwa, naye alikuwa ameunyoosha mbali na mwili wake akiuangalia.

Kisha midomo ya Nekesa ikaanza kufura. Niliona kwa macho yangu, nikiwa umbali wa urefu wa kitanda. Midomo, kope, shingo. Akaanza kupumua kwa ile sauti, na vidole vyake vikakwaruza kifua cha mama yake. Muuguzi aliiacha mizani, akaja mbio na mfuko wake, akamchoma sindano ya adrenalini pajani juu ya nguo, hakuuliza mtu ruhusa. Wakamtia kwenye pikapu ya mradi na kumkimbiza hospitali. Mzungu aliyeungua pua alikuwa akilia. Mimi nilikuwa bado kwenye sofa.

Nilidhani mambo yangeishia hapo, kwamba sasa hata mjinga ameona. Nilikuwa nimewapa watu wangu sifa wasizostahili. Pikapu haijatoka hata langoni, mzee mmoja akasema: "Mmeona? Amemgusa mkwewe, na mtoto amefura hapohapo." Likapita mdomo hadi mdomo. Hata waliokuwa wamemwona mtoto akinywa wakasema waliona mkono kwanza. Wanzala akalidaka kabla halijaanguka. "Na karatasi ilisema si maziwa," akawakumbusha. Mradi ulikuwa umepona. Niliwadharau wote, mmoja mmoja, kwa majina, na sikufungua mdomo.

Nekesa alilala hospitali siku mbili akarudi nyumbani. Mimi nilirudi kwenye malaria yangu. Alhamisi iliyofuata mlango ukafunguka, akaingia Teresa, mtoto mgongoni, akapita benchi lote bila kukaa.

"Jumamosi wananitakasa," akasema. "Watachinja kondoo. Na wakimaliza, Mzee amesema mtoto atakunywa hiyo maziwa tena mbele ya wazee, ionekane laana imetoka."

"Usikubali."

"Nimeolewa, Daktari. Mtoto ni wao. Nikienda naye kwetu Bukura watanifuata kesho yake."

"Baba yake anasemaje?"

"Anajenga nyumba za watu Eldoret. Ameandika tufuate wazee."

Nikamwambia tutapima tena, bila malipo, safari hii kwa mbuzi. Akauliza majibu yatachukua muda gani. Nikamwambia wiki tatu. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Basi nikatoa karatasi yenye nembo yangu na kumwandikia barua ya kuwapelekea wazee, ya heshima, nikieleza kwamba maabara ya Nairobi ilifanya kosa la kitaalamu, na kwamba mtoto asipewe maziwa ya mbuzi hadi kosa hilo lirekebishwe. Nikagonga muhuri. Nilijiona nimemtendea wema mkubwa.

Aliisoma kwa kidole. Akairudisha mezani.

"Nairobi hawakukosea," akasema. "Karatasi yao ilisema ng'ombe. Ni wewe ulisema maziwa ni maziwa."

"Mama, sikuwa nimeona yale maandishi madogo. Ni madogo sana."

"Uliona. Nilikuona ukisoma. Kidole yako ilisimama."

Benchini mwanamke mmoja aliacha kumpepea mtoto wake. Nilitaka kumwambia Teresa twende nje, nikaona hilo nalo ni kukiri.

"Kutojua si kosa," akaendelea, bila kupandisha sauti, na ningependelea apandishe. "Hata mimi sijui mingi. Ungesema hujui ningekuheshimu. Lakini ulijua, na ukakaa kwa ile kiti yako, na mtoto akashika kikombe."

"Unataka nifanye nini?"

"Uje Jumamosi. Useme."

"Barua itatosha. Nitaiandika upya, nitaweka ukweli."

"Barua atasoma nani? Wanzala?"

Hapo nilikasirika. Nikamwambia hajui anachoomba. Nina wagonjwa. Nina jina. Nikienda kusimama Mayoni nikasema nilipima ng'ombe badala ya mbuzi, na nilijua, na nilinyamaza, habari itafika mjini kabla yangu, na nani ataniletea damu yake tena? Watu watanicheka mpaka nizeeke.

Teresa alimvuta mtoto mgongoni akamfunga vizuri. Alikuwa akiniangalia usoni sasa, na niliijua ile namna ya kuangalia. Ni namna ninayowaangalia wao.

"Wewe utachekwa, Daktari," akasema. "Mimi nitazika."

Akatoka. Yule mwanamke wa benchini akasimama, akamchukua mtoto wake, akatoka pia. Hakuwa amepimwa bado.

Jumamosi nilikwenda. Koti jeupe nililiacha msumarini. Nilikuta wazee tisa wamekaa kwa viti, Osundwa katikati, Wanzala pembeni na mfuko wake wa plastiki. Kondoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Juu ya meza palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa sahani. Teresa alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, na Nekesa alikuwa amekaa chini peke yake mbele ya wazee, amevaa gauni jipya.

Walinikaribisha kiti. Nilisema nitasimama. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, yenye heshima na maneno marefu, na nilipofungua mdomo haikutoka. Nilisema: "Ile damu haikupimwa na maziwa ya mbuzi. Ilipimwa na ya ng'ombe. Mtoto huyu akinywa hicho kikombe anaweza kufa."

Wanzala akainuka haraka. "Daktari ana huruma tu, wazee. Anamwonea huyu mama huruma."

Osundwa akamnyooshea mkono bila kumtazama, apewe karatasi. Aliitoa kwenye plastiki, akaiweka mbali, akaiweka karibu. Kiingereza hakukijua. Wanzala hakuombwa asome, wala mimi. Mzee akamwambia mkewe, "Mwambie mama Nekesa asome," kwa sababu mwiko ule ulimzuia kumwambia mwenyewe. Karatasi ikapelekwa nyuma ya nyumba. Tukasikia sauti ya Teresa kutoka upande wa pili wa ukuta, neno kwa neno, polepole, halafu akarudia lile la mwisho kwa Kiswahili: "Ya ng'ombe."

"Na wewe ulijua lini?" Osundwa akaniuliza.

"Kabla ya siku ya wageni."

"Ulikuwa unajua, na ulikuwa umekaa pale mbele na sisi?"

"Nilikuwa nimekaa."

Mzee mmoja wa pembeni, mwenye jino moja, akasema kwa sauti ya kipaza sauti, "Maziwa ni maziwa!" Ndipo wakacheka. Walicheka mpaka wakapiga mapaja, mpaka wanawake nyuma ya nyumba wakaletewa habari na kuanza kucheka wao, mpaka watoto waliokuwa kwenye miwa wakaja kuangalia nani anachekwa. Nilisimama nikachekwa. Osundwa peke yake hakucheka. Aliinuka, akachukua kile kikombe, akatembea nacho hadi kwenye ua na kukimwaga. Aliporudi alimshika Nekesa mkono, akamwinua kutoka pale chini, akamwambia aende kwa mama yake.

Nilidhani sasa tunakwenda nyumbani. Lakini mwiko ni mwiko, wakasema, na mkono ulimgusa mzee, iwe ni kwa sababu gani. Kondoo akachinjwa. Teresa akaletwa mbele, akapigishwa magoti, wakampaka uchafu wa tumbo la kondoo kwenye mkono wake wa kulia, ule uliokamata kikombe, na kwenye kifua, huku wakimwombea asirudie. Alitazama mbele tu mpaka wakamaliza.

Mimi niliyekaa kwenye sofa hakuna aliyeona haja ya kunitakasa. Niliwekewa kiti, nikaletewa maji ya kunawa, na nyama ilipoiva nikapewa sahani yangu ya mgeni. Nilikula.